Kupitia kwa Mwenyekiti

Mtu akilisema jambo zito darasani, kwa lugha ya kuazima, akiwa upande aliopangiwa na kura, je, amelisema? Nimelibeba swali hili kwa muda sasa. Nilisomea isimu chuo kikuu, na watu hutazamia niwe na jibu. Ninayo mawili, na kila moja hunitosha mpaka nikumbuke la pili.

Nafundisha watu wazima Kiingereza cha mazungumzo rasmi mjini Lushoto, katika ukumbi mdogo wa nyumba ya wageni. Tunakutana Ijumaa baada ya swala, kwa kuwa nusu ya darasa hutoka msikitini na nusu hutoka shambani, na hakuna saa nyingine inayowakutanisha. Wamo waongoza wageni wanaotembeza Wazungu msituni, dada wa mapokezi wa hoteli moja, bwana shamba, na wenye nyumba wa vijijini ambao siku hizi hupokea wageni wa kulala. Hawakuja kwangu kwa sababu ya uhaba wa maneno. Maneno wanayo. Walikuja kwa sababu wakiketi mezani na watu wa kampuni za utalii hutoka wamekubali mambo ambayo hawakuyakubali.

Kwa hiyo tulianza na vile vijineno ambavyo havina habari yoyote ndani yake, ila humwonyesha msikilizaji mahali mazungumzo yanapoelekea: kwamba sasa ninakubali, sasa ninapinga, sasa ninahitimisha. Nilikuwa na jina la kitaalamu la vitu hivyo. Bwana shamba akalifuta kwa dakika moja. Alisema hizo ni indiketa. Dereva anayepanda kutoka Mombo haanzi kukata kona ndipo aonyeshe, anaonyesha kwanza. Tangu siku hiyo hakuna aliyeviita vingine, nami nikaacha kushindana naye.

Indiketa walizishika upesi. Kilichonishinda ni kosa moja ambalo sikuwahi kuliona kwa wanafunzi wa Dar es Salaam. Nilikuwa nikimpa mtu zoezi la kupinga kwa heshima, naye huanza vizuri kabisa: anashukuru, anakiri kwamba mwenzake ana hoja, kisha anasema "However", yaani hata hivyo, na hapo anaketi. Ameketi kwa utulivu wa mtu aliyemaliza. Wenzake wanatikisa kichwa kwamba ameeleweka. Mwanzoni nilidhani wamekwama. Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wakifanya kwa Kiingereza kile tunachokifanya nyumbani kwa Kishambaa: mtu mzima hamalizi kukataa. Anaonyesha tu kwamba anaweza kukataa, na mwenye akili anajazia mwenyewe. Niliwaambia kwamba mgeni aliyeketi upande wa pili wa meza hatajazia, na atakachojazia kitakuwa kwa faida yake. Walikubaliana nami. Kisha waliendelea kuketi baada ya "However".

Kwa sababu walikuwa waoga, niliweka sharti moja: yanayosemwa kwenye zoezi hayatoki na mtu mlangoni. Nililiweka kwa nia ya kuwafungua midomo, nami nilikusudia kulishika kama wao.

Katika darasa hilo walikuwamo watu wawili waliokuwa wakwe. Mwanamume, wa miaka thelathini na kitu, ni mwongoza wageni. Alikuwa mwanafunzi wangu tangu mwanzo. Mama mkwe wake alijiunga wiki chache baadaye. Ni mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyefundisha miaka mingi Mgwashi na kwingineko, na sasa anaishi peke yake kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe, juu kwenye kilima upande wa Magamba, ambako bodaboda hufika mpaka njia inapokwisha na kilichobaki ni mguu. Alikuwa amepewa wageni wawili watatu wa kulala, akawapenda, akataka Kiingereza chake cha shule kiache kutoa harufu ya chaki. Hayo ni maneno yake.

Siku alipoingia mara ya kwanza, mkwewe alisimama, akatoka nje, na hakurudi mpaka nilipomfuata. Aliniuliza kama kuna siku nyingine ya masomo. Haikuwepo. Basi wakajipanga bila kuambiana. Mama alikaa mbele dirishani, uso ubaoni. Mkwe alikaa nyuma karibu na mlango, akiingia baada yake na kutoka kabla yake. Nyumbani kwetu, kwa wale wanaoishika desturi hii, mwanamume hamtazami mama wa mkewe usoni, hali naye, haketi naye chumba kimoja, na akiwa na neno naye hulipitisha kwa mtu wa kati hata kama wote watatu wanasikiana. Mara nyingi mtu wa kati nilikuwa mimi.

"Mwalimu, mwambie mama bodaboda wake ameshafika," mkwe husema kutoka mlangoni.

"Mwambie nimesikia, na amwambie asipige honi, mimi si gunia la karoti," mama hujibu, akinitazama mimi.

Sikuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote kitu chochote. Nilisimama tu katikati, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi.

Niseme wazi kwamba sina upande katika jambo hili. Mimi niliolewa na mtu wa mbali, ambaye kwao desturi za namna hii za wakwe hazikushikwa. Mama mkwe wangu tulikula sahani moja na tukagombana waziwazi, wakati mwingine juu ya sahani hiyohiyo. Ndoa ilikwisha kwa sababu nyingine kabisa. Nimeona mapenzi na nimeona uonevu chini ya utaratibu wake na chini ya wetu, na sijaweza kusema upi unamtunza mtu zaidi.

Mwaka huo, masika yakiwa yanaelekea kwisha, mama aliteleza kwenye mteremko unaoshuka kutoka kwake, akavunjika kifundo cha mkono. Alikaa pale njiani muda mrefu kabla ya mtu kupita. Binti yake, yule aliyeolewa na mwanafunzi wangu, ana duka la pembejeo mjini, na ndiye mtoto pekee aliyebaki huku. Wengine wako Tanga na Dar es Salaam. Aliamua kwamba mama atahamia kwake. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Baba yake aliugulia katika nyumba ileile, akashushwa kilimani juu ya kitanda kilichobebwa mabegani, na hakufika barabarani akiwa hai. Binti alikuwa nyuma ya kitanda akishika shuka lisipeperuke. Tangu mama alipovunjika mkono, alisema, hajalala vizuri siku ambayo mvua inanyesha.

Nyumba ya binti ni ya vyumba viwili na sebule moja, na mlango wa nje mmoja, unaofungukia sebuleni.

Kila mtu aliyezaliwa huku angeweza kuliona tatizo kwa kuutazama mlango ule. Mama angeishi chumbani. Mkwe akiwa sebuleni, mama asingetoka. Mama akiwa uani, mkwe asingetoka. Hakuna aliyelisema. Mama asingeweza kusema hataki kuhamia, kwa kuwa angekuwa ameikataa nyumba ya mkwewe, na hilo ni tusi. Mkwe asingeweza kusema hataki ahamie, kwa kuwa angekuwa amemfukuza mama wa mkewe kabla hajafika, na hilo ni baya zaidi. Kwa hiyo wote wawili walimshukuru binti. Mama alianza kugawa vyungu. Mkwe alitafuta pikapu, akakubaliana na dereva kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi watapandisha gari mpaka litakapofika, wabebe mizigo kwa mabega mpaka garini, na jioni nyumba ya kilimani iwe imefungwa. Mgeni wa mwisho alikuwa ameshaondoka, na shamba la mboga lilikuwa limeshapata wa kulilima.

Ijumaa iliyotangulia Jumamosi hiyo, mama alikuja darasani kama kawaida. Nilishangaa kidogo, kwa kuwa asingekuwa tena na nyumba ya kupokelea wageni.

Zoezi la siku lilikuwa mjadala wa kikao. Kila wiki mwanafunzi mmoja alikuwa na zamu ya kuleta hoja, na zamu ilikuwa yake. Alisimama, akachukua chaki kwa mkono mzima, akaandika ubaoni kwa Kiingereza, kwa ule mwandiko wa walimu wa zamani usiopanda wala kushuka, kwamba wazee wahamie kwa watoto wao. Akarudi kuketi. Darasa zima lilijua habari ya pikapu, maana mkwe alikuwa amewaomba wenzake wamshikie wageni wake wa Jumamosi. Bwana shamba alianza kusafisha miwani ambayo haikuwa chafu.

Tuligawana pande kwa kura, kama siku zote: vipande vya chaki ndani ya kikombe, vyeupe kwa watetezi, vya buluu kwa wapinzani. Mama alitoa cheupe. Mkwe, ambaye alifikishiwa kikombe mwisho, alitoa cha buluu. Mwenyekiti alikuwa dada wa mapokezi, ambaye alikipenda cheo hicho kuliko kawaida na aligonga meza kwa kifuniko cha chupa ya chai. Alimwita mama aanze, kwa kuwa hoja ni yake. Kisha akautazama upande wa buluu, akamwita mkwe auongoze. Baadaye nilimuuliza alikuwa na nia gani. Alisema mkwe alikuwa hajawahi kuongoza upande tangu tuanze, na kwamba ajuavyo yeye zamu ni zamu.

Mkwe hakusimama. Alinigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, mimi naomba unisamehe leo."

Nilikuwa nafungua kinywa kumsamehe. Mama akanitangulia, lakini hakusema nami, wala hakusema naye. Alimuuliza mwenyekiti, kwa Kiingereza cha polepole kilichonyooka, kama ni kweli kwamba katika kikao rasmi wajumbe hawasemezani wao kwa wao, bali kila mmoja husema na kiti tu. Mwenyekiti akanitazama. Nikasema ni kweli.

"Basi leo hapa hakuna atakayekuwa anasema na mtu," mama akasema, "isipokuwa na wewe, mwanangu."

Watu walicheka, na kicheko kilisaidia. Mkwe alisimama. Aliugeuza mwili upande, macho akayaweka kwenye chupa ya chai iliyokuwa mbele ya mwenyekiti, na hakuyaondoa pale mpaka mwisho. Mama naye alikuwa ametazama dirishani, ukungu ukishuka kwenye mikaratusi. Ungepita nje ungedhani ni watu wawili waliokasirikiana, mmoja akiilalamikia chupa na mwingine kioo.

Yaliyofuata yalisemwa yote kwa Kiingereza. Nayaandika kwa lugha yetu kadiri ninavyokumbuka. Mama alitetea hoja kwa ufundi. Alisema mzee anayeishi peke yake anaweza kuanguka na asisikiwe. Alisema mtoto anayempenda mzazi hawezi kulala usingizi mvua ikinyesha. Kila alipohama kutoka sababu moja kwenda nyingine aliweka indiketa yake mahali pake, nami nilijikuta nikiweka alama kwenye karatasi kama mtu asiyesikia kinachosemwa.

Mkwe alianza kama nilivyowafundisha. Alimshukuru mwenyekiti. Alisema mjumbe aliyetangulia amesema mambo ya kweli, na kwamba yeye anamheshimu mjumbe huyo sana. Kisha akasema "However".

Darasa likangoja aketi. Mimi pia nilingoja aketi. Aliushika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, akabaki amesimama.

"However," akarudia, "katika nyumba nyingine, mheshimiwa mwenyekiti, kuna mtu mwingine. Mtu huyo akiwa sebuleni, mzee atakuwa chumbani. Atajifunza saa za mtu huyo za kutoka na kurudi. Akishikwa na kikohozi, atangoja mpaka mtu huyo aondoke ndipo akohoe."

Mwenyekiti alikuwa amekishika kifuniko lakini hakugonga. Mama aliinua mkono, bado amelitazama dirisha, akaomba kupitia kwa kiti mjumbe aulizwe kama huyo mtu mwingine naye angepata taabu. Mwenyekiti alimuuliza, neno kwa neno, kana kwamba mkwe hakuwa amesikia.

Mkwe akasema kwamba, "to be honest", mtu huyo angekuwa mgeni nyumbani kwake. Angekula chakula chake dukani kwa mkewe, amesimama kati ya mbolea na pampu za dawa. Watu walicheka tena, naye akacheka kidogo. Halafu akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mjadala, kwamba mtu huyo anamheshimu huyo mzee na angependa aendelee kuweza kumheshimu.

Mama alijibu kwa "On the other hand". Akarudi kwenye kuanguka. Alikaza hoja hiyo kwa nguvu kuliko mwanzo, na nilielewa kwamba hakuwa anashindana. Alikuwa anataka jambo lile lijibiwe, kwa sababu ndilo ambalo binti yake angeliuliza. Mkwe naye alilijibu. Alisema mteremko huchongwa ngazi na kuwekwa ushikio, na kuna watu ambao kazi yao ni njia za milimani na wanajua kufanya hivyo. Alisema jirani wa chini ana msichana aliyemaliza shule ambaye angelala kwa mzee kila siku, na kwamba msichana huyo ameshaulizwa.

Hapo mama aligeuka. Hakumgeukia mkwewe, aligeukia ubao, akaitazama hoja yake kwa muda. Akasimama, akasema anamshukuru mjumbe kupitia kwa mwenyekiti, na kwamba baada ya kusikia upande wa pili, anaiondoa hoja.

Hatukuwa tumefundishana kuondoa hoja. Mwenyekiti aliniuliza kwa macho afanye nini. Nikamwambia inaruhusiwa, na kwamba hoja ikishaondolewa hakuna kura. Akagonga meza. Mkwe alichukua jaketi lake na kutoka kabla sijatangaza mwisho wa kipindi.

Mama alibaki akikunja ushungi wake taratibu, mpaka wengine walipotoka. Nilimwambia amejadili vizuri sana. Aliipokea sifa yangu kama mwalimu anavyopokea sifa kutoka kwa mwalimu mdogo, yaani bila kuijali.

"Leo hukutoa kazi ya nyumbani," akaniambia.

Nikamjibu kwamba sikuona ya kutoa.

"Mimi wakati wangu, zoezi lisilo na kazi ya nyumbani lilikuwa halijakwisha. Haya, mwalimu. Kesho nina wageni wa kunihamisha."

Akaniaga. Nilimsindikiza mpaka kwenye bodaboda wake, nikamshika mkono mzima apande. Nilikuwa nimeelewa, au nilidhani nimeelewa: alikuwa ananituma niyapeleke yaliyosemwa nje ya darasa. Lakini kutumwa kwa namna ile kuna faida moja kwa mtumaji, kwamba mambo yakiharibika anaweza kusema kwa haki kabisa kuwa hakumtuma mtu. Sikumlaumu. Niliona tu kwamba mzigo umebadilisha bega.

Mkwe alikuwa ananingoja kwenye geti, mbali na njia aliyopita mama. Aliniuliza swali kwa namna ya kuulizia somo: pale mjumbe alipoiondoa hoja, ule ulikuwa utaratibu wa kikao tu, au?

Hakuendelea baada ya "au". Nilimwambia sijui. Nikamuuliza na yeye, aliyoyasema yalikuwa ya upande wa buluu tu, au? Alitabasamu, akatazama viatu. Alisema yeye alitoa chaki ya buluu. Nilimuuliza kwa nini asimwambie mkewe. Akaniambia amejaribu, na kila anapofika kwenye neno lenyewe anaona litakavyosikika: mume anamkataa mama wa mkewe aliyevunjika mkono.

"Kesho saa tatu nitakwenda na gari," akasema. "Siwezi kutokwenda. Na mama atapakia. Naye hawezi kutopakia."

Nilikwenda nyumbani, nikapika, nikala. Mambo yaliyonizuia kusema yalikuwa halisi. Nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wangu kwamba ya zoezi hayatoki mlangoni, na walisema kwa kuiamini ahadi hiyo. Upande ulikuwa wa kura. Huenda mkwe angetoa chaki nyeupe na angetetea vilevile. Mama ni mwalimu, na walimu wa zamani walipenda hoja kwa ajili ya hoja. Na binti, ambaye hakuwemo, alikuwa na kitanda cha baba yake mabegani. Nani alinipa mimi haki ya kumwambia kwamba hofu yake ipimwe upya? Upande mwingine kulikuwa na jambo dogo, la kwamba msichana wa jirani alikuwa ameshaulizwa. Mtu hamuulizi msichana wa jirani kwa ajili ya zoezi. Mkwe hakujua hoja itakuwa gani, wala atatoa chaki ya rangi gani. Alikuwa amemuuliza kabla.

Nikaamua kwamba nitakwenda, na kwamba nitakwenda kwa binti, si kwa yeyote kati ya wale wawili, na nitasema kwa Kiswahili.

Asubuhi nilifika dukani kwake akiwa anafungua mlango wa bati. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, za baridi, za viazi. Kisha nikamwambia.

"Mama yako hataki kuhama. Na mumeo hataki ahame. Wanaoneana haya."

Aliweka kufuli juu ya mizani. Aliniuliza nani amesema. Nilimweleza: hoja ya ubaoni, chaki, kifuniko cha chupa ya chai, yaliyosemwa na hoja ilivyoondolewa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Wamesemezana wao kwa wao?"

"Hapana. Walisema na mwenyekiti."

"Mwenyekiti gani tena?"

"Yule dada wa mapokezi."

"Yule?" Akaketi juu ya gunia la mbolea. "Yaani mambo ya nyumbani kwangu yamekwenda kujadiliwa kwa Kizungu mbele ya yule mtoto, na mimi ndiye niliyebaki bila kujua."

Alisema baba yake alishushwa kwenye kitanda. Nikamwambia najua. Alisema mimi sikukishika kile kitanda. Nikakubali. Mteja alikuja kutaka mbegu za kabichi; akampimia, akamrudishia chenji, akamtakia heri, yote kwa sauti yake ya kawaida, kisha akarudi kwenye gunia.

"Huyo mwanamume ameamka leo kabla ya adhana," akasema. "Ati anakagua kamba za kufungia mizigo. Kamba alizikagua jana. Na juzi. Angeniambia."

"Angekuambiaje?"

Alifikiri. Nilimwona akijaribu maneno mawili matatu kimoyomoyo na kuyaacha.

"Kweli," akasema. "Ningemwambia hampendi mama yangu."

Aliniuliza kuhusu msichana wa jirani, kama ni yule mrefu au mdogo wake. Sikujua. Aliniuliza kuhusu ngazi, zitaanzia wapi, kwa kuwa mahali pabaya si pale mama alipoanguka, ni juu zaidi, penye mawe. Nilimwambia hayo amuulize mumewe, ndiye aliyeyasema. Alicheka kwa pua, kicheko kisicho na furaha sana. Akasema atampandia mama yeye mwenyewe leo hii, kwa miguu yake, na atamwambia neno lake kwa Kishambaa, naye mama amjibu kwa Kishambaa, bila kiti wala mwenyekiti. Kama kweli ndivyo anavyotaka, aseme. Asiposema, atampakia.

Ilikuwa inakaribia saa mbili na nusu. Alitoa simu kwenye mfuko wa sweta, akampigia dereva wa pikapu, akamwambia leo asipandishe gari.